Hniang Sung, Mama Aliyekula Huku Akitetemeka

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu wa ukoo wa baba na wa ukoo wa mama, akina mama wa Umoja, na ninyi majirani mliopanda mlima tangu asubuhi na kuni mgongoni, familia inawasalimu na kuwaomba mtulie, kwa sababu historia hii ni ndefu kuliko zile mlizozoea kusomewa hapa Khuapar, na aliyeirefusha ni marehemu mwenyewe. Mwezi wa Agosti, akiwa bado na nguvu za kugomba, alituita watoto wake akatuambia, "Siku yangu msije mkasimama mkasema mama alikuwa na imani isiyotikisika, mkithubutu nitainuka humo sandukuni niwaaibishe mbele ya watu, semeni niliogopa." Kwa hiyo tutasema aliogopa, na tutasema aliogopa nini, na kama kuna atakayejikuna kichwa, ajue tu kwamba tumeagizwa.

Hniang Sung alizaliwa tarehe 14 Novemba 1948 hapa hapa Khuapar, mtaa wa juu, akiwa mtoto wa pili wa hayati Pu Lian Kio na hayati Pi Sui Len, katika nyumba ambayo wakati huo ilikuwa bado inachinjia pepo wa mlima na wa chemchemi, na mafuvu ya wanyama yalikuwa yamepangwa barazani mpaka mgeni akakosa pa kuegemea. Alikuwa na dada mkubwa, Iang Tial, mtoto mwenye kucheka ovyo, ambaye Julai 1954, akiwa na miaka tisa, alikaa barazani akila boga la kuchemsha, akapita mwanamke wa nyumba ya chini, ile iliyo kando ya njia ya kisimani, akamtazama, akasema boga hilo linaonekana tamu, akaenda zake. Jua halijazama Iang Tial alikuwa anagaagaa kwa tumbo, na wakubwa wakafanya kilichokuwa kikifanywa siku hizo, wakambana kidole gumba kati ya vijiti viwili vya mwanzi vilivyopakwa tangawizi, wakakaza, wakamuuliza aliyemwingia, "Wewe ni nani? Umetoka nyumba gani?" mpaka mtoto kwa maumivu akaitaja ile nyumba ya chini. Kesho yake akafariki, na Hniang Sung, mwenye miaka mitano, alikuwa amesimama mlangoni akiona na kusikia kila kitu.

Hapa kila mtu anajua jicho ni nini, ingawa Jumapili hatujui. Ni lile ambalo mwanamke hulirithi kwa mama yake bila kulitaka, likitamani chakula chako kinakugeukia tumboni, na mwenye nalo huenda hata habari hana. Baada ya kifo cha Iang Tial yule mwanamke wa nyumba ya chini alihamishiwa nje ya uzio wa kijiji, chini zaidi kwenye njia hiyo hiyo ya kisimani, na binti yake, Pi Dim Thluai, ambaye amepishana na marehemu miezi minne tu kwa kuzaliwa, akakulia huko, akakosa mchumba, akamzika mama yake, akabaki peke yake katika nyumba ile mpaka leo. Wazee wa kijiji walikubaliana, bila mtu kuandika popote, kwamba nyumba hiyo ikitajwa tena na mgonjwa, atakayekuwa ndani yake atavushwa mto na hatarudi.

Pu Lian Kio na nyumba yake yote walimpokea Bwana mwaka 1955, mafuvu yakashushwa, na Hniang Sung mwenyewe alibatizwa tarehe 2 Aprili 1961 katika kijito cha Tiva, siku moja na Dim Thluai. Marehemu alitusimulia mara nyingi, akijicheka na huku machozi yanamlengalenga, kwamba alipowaona wasichana wanajipanga majini alikimbilia upande wa juu wa kijito, ili maji yaliyompitia Dim Thluai yasimguse yeye, na mchungaji wa wakati huo akamsifu mbele ya kutaniko kwamba huyu mtoto ana haraka ya kuokoka.

Kuhusu masomo, alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1955 hadi 1960, na kati ya 1965 na 1967 alihudhuria mafunzo ya Biblia ya wanawake mjini, ambako alifaulu vizuri kuliko wenzake wote wa milima ya huku. Katika mtihani wa mwisho waliulizwa kama Mkristo anapaswa kuogopa jicho, naye akaandika kurasa mbili za kwamba hapaswi, na aya za kuthibitisha, akapewa alama zote. "Kwenye karatasi nilijibu," alikuwa akisema, "tumboni sikujibu." Alirudi na cheti, akakitundika ukutani, na kila Dim Thluai alipopita njiani alifunika sufuria.

Tarehe 5 Machi 1969 alifunga ndoa na hayati Pu Ral Cung, fundi seremala, mtu wa maneno mengi na misumari michache, ambaye milango yake mnaijua kwa sababu haifungi. Walijaliwa watoto wanne, wa kwanza Van Hnin, ambaye ndiye anayewasomea, wa pili Hlei Par, wa tatu hayati Lian Ceu, na wa nne Bawi Tial. Lian Ceu alifariki tarehe 9 Juni 1976 akiwa na miaka miwili, katika kuhara kule kulikokwenda na watoto wengi wa kijiji hiki, na kila mzazi aliyezika mwaka ule alijua kwamba ni maji ya kisima. Mama yetu pia alijua. Lakini siku mbili kabla ya hapo Dim Thluai alikuwa amesimama nje ya uzio akamtazama mtoto akila uji, akatabasamu, na mama yetu aliliona tabasamu hilo, akalizika pamoja na mtoto, kisha akalifukua kila alipopiga magoti kusali. Hakumwambia mtu. Alimwambia Mungu peke yake, na alivyotusimulia baadaye, alimwambia kwa sauti ya chini akihofia Dim Thluai asisikie.

Kwa upande wa kazi, marehemu alikuwa mkulima wa mahindi na mpunga wa mlimani, mwalimu wa shule ya Jumapili, na kuanzia Januari 1984 hadi 2011 alikuwa kiongozi wa Umoja wa Akina Mama, kazi aliyoikataa mara tatu. Kila aliposimama kuomba mbele ya watu magoti yalimgongana chini ya sketi, akaiminya Biblia mpaka jalada likabonyea, na mlikuwa mkidhani ni Roho anamshukia, kumbe ni woga mtupu. Alijiona hafai. Alisema wakimchungulia moyoni watamwondoa siku hiyo hiyo, na kwa sababu hakuna aliyemchungulia, aliendelea kuongoza miaka ishirini na saba huku akingoja kukamatwa.

Kati ya kazi za kiongozi ilikuwemo ya kukusanya mchele wa Bwana. Kila mama wa kijiji hiki, kabla ya kuosha mchele wa kupika, huchota konzi moja akaiweka kwenye kopo la kanisa, na Jumamosi kiongozi hupita nyumba hadi nyumba na kikapu, mchele wote ukachanganywa, ukamlisha mchungaji, wajane na wageni. Dim Thluai hakuwahi kukosa. Kopo lake lilikuwa limejaa kila Jumamosi, akaliweka juu ya jiwe nje ya mlango na yeye mwenyewe akajifungia ndani, kusudi anayechukua asipate shida ya kusalimiana naye. Na mama yetu alikuwa akiumimina mchele ule katika kimfuko cha pembeni, hauchanganyi na wa wengine, akafika nyumbani akampa nguruwe.

Alifanya hivyo miaka mingi, na hayati baba ndiye wa kwanza kugundua.

"Mama Hnin," alimwambia siku moja akiwa ameegemea zizi, "huyu nguruwe ndiye mshirika mwaminifu kuliko wote katika kanisa letu, maana anashiriki kila wiki."

"Nyamaza, Baba Hnin, watu wasikusikie."

"Wasikie nini? Nataka tu kujua kama ameshabatizwa."

"Wewe ungeula?"

Hayati baba, ambaye alikuwa na jibu la kila kitu, akaokota randa yake akaondoka. Ndivyo tulivyoishi sote, tusimcheke marehemu. Sikukuu ya Krismasi kijiji kizima kilipokula pamoja uwanjani, watu wanne wanne kwa sinia la mti, Dim Thluai alipewa chakula chake kwenye bakuli, akaenda kukila nyuma ya kanisa akiutazama ukuta, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemwambia aende.

Mwaka 2008 mianzi ilichanua, panya wakazaliana kwa kula mbegu zake, na mbegu zilipokwisha wakaja kwetu. Mliokuwepo mnakumbuka, walivyokatisha mashamba mchana kweupe, wakala mpunga ungali shinani, wakaingia maghalani, wakala mpaka vipini vya majembe kwa ajili ya jasho la mikono yetu. Tulichimba viazi vya porini, vile vichungu vya kuloweka siku kadhaa kabla ya kuliwa, na wenye njaa zaidi waliloweka siku moja tu, wakaumwa. Van Hnin alikuwa ng'ambo ya mpaka akivunja kokoto za barabara, hivyo yanayofuata yametoka kwa marehemu mwenyewe, kwa hayati baba na kwa Hlei Par, waliokuwepo.

Makopo ya Bwana yalikuwa matupu katika nyumba nyingi na hakuna aliyelaumiwa. Jumamosi ya tarehe 16 Agosti, mama alipita na kikapu kwa mazoea tu, akafika kwenye lile jiwe, akalikuta kopo la Dim Thluai lina konzi yake kama kawaida, mchele mweupe uliochambuliwa, na nyuma ya mlango akasikia mtu anakohoa kikohozi cha njaa. Akarudi nyumbani na kimfuko chake. Nguruwe alikuwa ameliwa tangu mwezi wa Mei.

Baba alikuwa kibarazani. Akakitazama kimfuko, akamtazama mkewe.

"Sasa ataula nani?"

"Sijui."

"Wajukuu wana njaa, Mama Hnin."

"Usinitajie wajukuu!" Akaketi chini. "Siwezi kuwapa, Baba Hnin. Siwezi. Na kuumwaga siwezi pia, nimemsikia anakohoa. Mwanamke anakufa njaa huku anamlisha Mungu, na mimi nimemlisha nguruwe wangu miaka yote hiyo, halafu nasimama pale mbele nawaambia watu wapendane."

Akakaa na kile kimfuko mapajani mpaka chai yake ikapoa, kisha akasimama akaufuata ule mteremko wa kisimani, na baba alisema mwendo wake ulikuwa wa mtu anayepelekwa, maana kila baada ya hatua chache alisimama akageuka kutazama nyumbani. Alipofika alisimama nje, hakubisha, akasimama tu, mpaka Dim Thluai mwenyewe akafungua.

"Kopo lina kasoro, Mama Hnin?"

"Halina."

"Mchele una wadudu?"

"Hauna. Nimeurudisha. Tuupike tuule."

"Nani na nani?"

"Mimi na wewe."

Dim Thluai alishika mwimo wa mlango. "Basi wewe utakaa ndani na mimi nitakaa huku nje."

"Sinia moja," mama akasema, na alituambia kwamba sauti hiyo hakuitambua, kwa sababu wakati huo akili yake yote ilikuwa inamwambia akimbie.

"Nitageukia ukutani, basi."

"Usigeuke."

Hapo Dim Thluai akaanza kulia. "Wewe hujui unachoniomba, dada. Tangu mama yangu afe sijawahi kumtazama mtu akila. Sijui kama ninalo au sina. Mimi mwenyewe naogopa. Je, ukifa?"

Tunalisema neno hili polepole, kwa sababu mama alisema lilimwingia kuliko mahubiri yote ya maisha yake. Alikuwa amemwogopa mwanamke yule miaka hamsini na nne, na haikumpitia akilini hata siku moja kwamba ndani ya nyumba ile kulikuwa na mtu mwingine anayeogopa kitu hicho hicho, tena peke yake, bila Umoja, bila mume wa kumtania. Wakapika ile konzi ya mchele, wakachanganya na viazi vya porini, wakala kwenye sinia moja wakitazamana, na mkono wa mama ulitetemeka hata wali ukawa unadondoka kabla ya kufika mdomoni. Hakupata amani yoyote. Aliomba kabla, akaomba katikati, na baada ya kula alijipapasa tumbo njia nzima ya kurudi.

Na tumbo likamshika. Jumapili hakwenda ibadani, Jumatatu asubuhi alikuwa amejikunja mkekani, jasho jembamba linamtoka, hawezi hata maji. Baba akapiga kelele kwamba ni viazi, nusu ya kijiji wanaumwa na viazi, lakini habari ya kwamba alikula kule chini ilikuwa imeshapanda mlima, na nyumba ikajaa watu. Mchungaji alikuwa mkutanoni mjini Hakha. Aliyeshika usukani ni Pi Khuang Cin, makamu wake katika Umoja na rafiki yake tangu utotoni, naye ametupa ruhusa ya kumtaja leo, tunamshukuru. Alianza kwa sala, akamwomba Bwana asimamie shughuli, kisha akaomba aletewe vijiti viwili vya mwanzi na tangawizi.

Hayati baba alisukumwa nje. Wazee wa kanisa walikuwa wamesimama ukutani, kofia mkononi, hakuna aliyesema fanyeni na hakuna aliyesema acheni. Wakambana mama kidole gumba cha mkono wa kulia.

"Wewe ni nani?" Pi Khuang Cin akauliza.

"Hniang Sung."

"Huyo tunamjua. Wewe uliyemwingia, ni nani?"

"Hniang Sung, binti ya Lian Kio, wa mtaa wa juu."

Wakakaza. Hlei Par, aliyekuwa amemshika mama yake kichwa, anasema alisikia ukucha ukipasuka.

"Sema! Umetoka nyumba gani?"

"Nyumba hii hii, nimepika hapa miaka yote, Khuang Cin, umesahau? Hata sufuria yangu kubwa hujairudisha."

"Ni yeye anayekusemesha hivyo. Mtaje tu, dada, mtaje upone, tunajua ni nani, taja!"

Watu wote pale walijua kinachongojwa. Jina likitoka, mwanamke wa miaka sitini atavushwa mto siku hiyo hiyo, katika mwaka wa panya, hana ndugu ng'ambo, hana mchele, na hakuna ambaye angeitwa muuaji. Na ninyi msidhani mama alinyamaza kwa sababu hakuamini. Aliamini. Hilo ndilo alilotaka lisomwe. Alisema alimsikia Dim Thluai ndani ya tumbo lake, alimwona Iang Tial na boga lake, alimwona Lian Ceu, jina lilikuwa limekaa kwenye ulimi na lilikuwa chungu kuliko tangawizi, alikuwa na hakika kwamba akilitema atapona na akilimeza atakufa. Aliomba Mungu ampe ujasiri, hakupewa, ndivyo alivyosema, "sikupewa hata kidogo." Akaendelea kulitaja jina lake mwenyewe, na la baba yake, na la mtaa wake, kila walipokaza, mpaka sauti ikamkauka na Pi Khuang Cin akavitupa vile vijiti akatoka nje akilia.

Baadaye tulimuuliza ni nini kilichomshika asiseme. Akajibu, "Nilimwogopa Dim Thluai, nikamwogopa Khuang Cin, nikamwogopa Mungu, na sikuwa na nafasi ya kuwaogopa wote watatu, ikabidi nichague."

Alipona baada ya wiki moja, na kidole gumba kilibaki kimepinda hivyo mnavyokijua. Jumamosi iliyofuata alichukua kikapu chake, akashuka tena njia ya kisimani, akala tena na Dim Thluai, na akafanya hivyo kila Jumamosi kwa miaka minane. Wengine mlisema ameshazoea. Hakuzoea. Kila Jumamosi asubuhi alikuwa mkali kwa watu wote wa nyumba, anaangusha vikombe, anakwenda chooni mara nne, kisha anajifunga kitambaa kichwani na kwenda. Hayati baba, mpaka alipofariki tarehe 30 Septemba 2012, alikuwa akimsindikiza hadi kwenye uzio, akimwambia, "Nenda, mama, ukifa nitaoa kijana," naye akimjibu kwamba hakuna kijana anayetaka milango isiyofunga.

Maradhi yake yalianza Desemba 2016, na tunajua mnachokisubiri, kwa hiyo tutakisema. Lilikuwa tumbo. Februari 2017 tulimpeleka hospitali Hakha, akapigwa picha, daktari akatuonyesha uvimbe ndani ya tumbo, akatueleza kwamba ni saratani, kwamba ilikuwa imeota kwa muda mrefu, na kwamba kwa umri wake kilichobaki ni kumpunguzia maumivu, akarudishwa nyumbani mwezi wa Machi na dawa. Kijiji kikaanza kunong'ona, na minong'ono hiyo imefika mpaka kwenye foleni ya kuni leo asubuhi. Dim Thluai naye aliisikia, akajifungia, akatuma ujumbe kwamba hatakuja tena, asije akammaliza.

Mama alilala akitazama dari, kisha akamwambia Hlei Par, "Na kama kweli ni yeye?"

"Mama, si daktari ametuonyesha picha?"

"Daktari hajakulia Khuapar."

Hlei Par akamuuliza, "Sasa tumwite au tusimwite?"

"Mwiteni," akasema, "na wewe unishike miguu, nisije nikainuka nikamkimbia mgeni."

Kuanzia siku hiyo Dim Thluai ndiye aliyemlisha uji, kijiko kwa kijiko, akimtazama, mmoja anatetemeka mkono na mwingine anatetemeka mdomo, na blanketi lilikuwa linafuliwa kila jioni. Walikuwa hawazungumzi sana. Siku moja Dim Thluai alimuuliza kama anaogopa, mama akamjibu, "Sana, leta kingine." Tarehe 21 Oktoba 2017, siku ya Jumamosi, asubuhi, pumzi zilianza kukatika, na hakusema neno lolote la kutundikwa ukutani. Alisema, "Hlei, naogopa." Hlei Par akamwambia, "Tupo, mama." Akafariki, akiwa na umri wa miaka sitini na minane, ameacha watoto watatu na wajukuu kumi na mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Hakha waliotueleza ukweli kwa upole, waliombeba kwa machela kutoka barabara kuu, Mchungaji na kanisa, akina mama wa Umoja waliolala hapa na kuimba nasi, Pi Khuang Cin aliyeleta mchuzi wa mahindi na mifupa kila siku, tena katika ile sufuria yetu kubwa, na majirani kwa kuni, maji na chai. Kuwataja wote hatuwezi, mtusamehe.

Tunamshukuru kwa namna ya pekee Pi Dim Thluai, ambaye tangu asubuhi amesimama kule nyuma ya rundo la kuni, ameupa mgongo uwanja kwa sababu watu wanakunywa chai.

Mama aliagiza jambo moja la mwisho, nalo ndilo lililotukalisha jana mpaka taa ikaisha mafuta. Tukitoka makaburini chakula kitatengwa, na kwenye sinia la wafiwa nafasi ya mama ataketi Pi Dim Thluai. Hatutaki kuwadanganya. Bawi Tial amesema hawezi, ana mtoto mchanga anayenyonya, na hatumlaumu. Hlei Par amesema atakaa. Van Hnin, anayewasomea, amesema atakaa, na kama mnaiona karatasi hii inavyotikisika, upepo haupo. Sinia ni la watu wanne, mmekwisha kupiga hesabu, nafasi moja iko wazi. Hatutamwita mtu kwa jina, kwa sababu mama hakupenda watu watajwe kwa kulazimishwa.

Pi Dim Thluai, sogea huku mbele, dada yako anakwenda. Na wewe, Mama, pumzika kwa amani, zamu ya kuogopa sasa ni yetu.